Chuo cha kulea, cha kupitia au cha kuhamia: senta wetu aende wapi?

Barua ikija kutoka chuo cha Marekani kumtaka kijana wenu mwenye futi 7, swali la kwanza sebuleni huwa ni jina la chuo. Kentucky? Duke? Jirani ameliona kwenye televisheni, basi ndiko huko huko. Mimi nafundisha vijana mpira wa kikapu, na nimekaa kwenye sebule za namna hiyo zaidi ya mara moja: kikombe cha chai mkononi, baba kanyamaza, mama anauliza kama huko kuna baridi kali, na mjomba anayejua Kiingereza ndiye anayesoma barua kwa sauti. Ninachowaambia ni kimoja, na makala hii yote ni maelezo yake: msihesabu chuo kimepata senta wangapi, yaani wale warefu wanaocheza chini ya ringi. Angalieni waliokwenda walikaa muda gani, walicheza dakika ngapi, na waliondoka wakiwa wamejua nini ambacho hawakukijua walipofika.

Njia zenyewe ni tatu. Kuna vyuo vinavyomchukua mrefu akiwa bado mbichi na kumlea miaka mitatu, minne. Kuna vinavyomchukua aliyekwisha iva na kumpitisha mwaka mmoja kuelekea NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Na kuna vinavyongoja alelewe kwingine, kisha vinamhamishia kwao akiwa mtu mzima. Chuo kimoja kinaweza kufanya yote matatu, lakini kila kocha ana tabia yake, na tabia hiyo inaonekana ukirudi nyuma miaka kumi.

Senta hafanani na wachezaji wengine

Gadi, yaani mchezaji mfupi anayeongoza mpira, mwenye mita 1.85 na mkono mzuri, Marekani wamejaa. Kocha akimkosa mmoja anampigia simu mwingine jioni hiyo hiyo. Mtu wa mita 2.15 anayeweza kukimbia uwanja mzima, kudaka pasi ya chini na kukaa na faulo mbili bila kuharibu mchezo, huyo ni adimu. Na wengi wao wamechelewa kuanza. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam alishika kikapu akiwa na miaka kama 15. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe nchini Uganda, alianza 2019. Zach Edey wa Toronto, mwenye sentimita 224, alikuwa mtoto wa besiboli na hoki ya barafu, akaingia kikapu yuko sekondari. Mwili wa kijana wa aina hii hukua mbele na ufundi ukafuata nyuma, na kati ya viwili hivyo panahitajika muda na mwalimu mwenye subira.

Jambo la pili ni sheria, na hili wazazi wengi hawaambiwi. Kwenye NBA, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo lililopakwa rangi chini ya ringi. Vyuoni sheria hiyo haipo. Senta wa chuo anaweza kusimama langoni pake dakika zote, akingoja mpinzani ajilete. Ndiyo maana mtu mmoja mrefu anageuza msimu mzima wa chuo, na ndiyo maana makocha wanavuka bahari kumtafuta. Lakini ndiyo maana vilevile kijana anaweza kuwa mfalme chuoni, kisha NBA ikamuuliza: ukitolewa nje ya eneo hilo, unaweza kumfuata gadi mwenye mbio? Chuo kinachomtumia mwanenu kama nguzo tu, bila kumfundisha kuhamisha miguu, kinajinufaisha chenyewe.

Na la tatu: senta hajiletei mpira. Anapewa. Mtazameni gadi wa chuo hicho kabla ya kumtazama kocha.

Chuo kinacholea

Mfano ninaouanza daima ni Purdue, jimbo la Indiana. Kocha Matt Painter yuko pale tangu 2005, na nyuma yake kuna mstari wa wakubwa usiokatika. A.J. Hammons alikaa miaka minne. Isaac Haas, minne. Trevion Williams, minne. Edey, minne. Hawakubaki wote, sitaki kudanganya: Matt Haarms, Mholanzi wa sentimita 221, aliondoka 2020 akaenda BYU, chuo cha jimbo la Utah. Lakini ukiweka majina yote pamoja, picha ni ya chuo ambacho mrefu anajua zamu yake itafika.

Safari ya Edey inafaa kuangaliwa mwaka kwa mwaka, kwa sababu ndani yake mna kila kitu. Alifika 2020 akiwa nje ya vijana 400 bora katika orodha za waliokuwa wakimaliza sekondari. Msimu wa kwanza alipewa kama dakika 15 kwa mechi, akafunga wastani wa pointi 8.7. Msimu wa pili alifunga 14.4 katika dakika 19 tu, kwa sababu Williams naye alikuwepo na walipokezana. Fikirini hapo kidogo. Kijana anayefunga pointi 14 kwa chini ya nusu ya mchezo, anakaa benchi nusu iliyobaki, na tayari ilikuwa ruhusa kuhama mara moja bila kukaa mwaka nje. Wangapi wangevumilia? Alibaki. Msimu wa tatu akapata pointi 22.3 na ribaundi (mipira iliyokosa ringi akaidaka) 12.9, akawa mchezaji bora wa taifa.

Halafu ikaja fedheha. Machi 2023, kwenye mashindano ya ubingwa wa vyuo, Purdue, iliyopangwa namba 1 katika kundi lake, ilitolewa na Fairleigh Dickinson, iliyopangwa namba 16, kwa 63–58. Ilikuwa mara ya pili tu kwa jambo hilo kutokea katika mashindano ya wanaume, na waliowatoa ndio waliokuwa timu fupi kuliko zote za daraja la kwanza. Edey akaweka jina kwenye drafti ya NBA, yaani siku timu za NBA zinapoteua vijana kwa zamu, akalitoa, akarudi chuoni. Msimu wa nne akafunga wastani wa 25.2, akawa mchezaji bora wa taifa kwa mara ya pili mfululizo, jambo lililokuwa halijaonekana tangu Ralph Sampson wa Virginia miaka ya mwanzo ya 1980. Purdue ikacheza fainali yake ya kwanza tangu 1969. Ikafungwa na UConn, chuo cha jimbo la Connecticut, 75–60, Edey akiwa na pointi 37, na Memphis ya NBA ikamteua wa 9 katika drafti ya 2024.

Ninachokiona mimi katika miaka hiyo minne ni dakika. Zilipanda kila mwaka. Na kuanzia 2022 alikuwepo gadi Braden Smith, ambaye naye alibaki, akajua mkono gani wa Edey unapenda mpira na kwa urefu gani. Uzoefu wa watu wawili kucheza pamoja misimu miwili haununuliki katika dirisha la uhamisho.

UConn inalea kwa namna nyingine: inampanga mdogo nyuma ya mkubwa. Msimu wa 2022–23 senta wao alikuwa Adama Sanogo kutoka Mali, na nyuma yake Donovan Clingan, mtoto wa Bristol, mji wa jimbo hilo hilo, mwenye sentimita 218, akicheza takriban dakika 13. Wakachukua ubingwa, Sanogo akawa mchezaji bora wa hatua ya timu nne za mwisho. Mwaka uliofuata Clingan akasimama mahali pake, wakachukua tena, naye akateuliwa wa 7. Dakika 13 nyuma ya mwalimu mzuri zilimfaa kuliko 30 za kuvurugwa.

Lakini UConn kwetu ina jina jingine. Hasheem Thabeet alitoka Dar, akapitia shule ya sekondari Houston, Texas, akafika kwa kocha Jim Calhoun mwaka 2006. Pointi zake kwa misimu mitatu: 6.2, kisha 10.5, kisha 13.6. Mwaka wa tatu ribaundi 10.8 na bloku (mitupo ya mpinzani aliyoizuia) 4.2 kwa mechi. Januari 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Timu ikafika nne za mwisho. NBA ikamchukua wa pili katika drafti nzima, na hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Nawaomba vijana wangu waitafute pia mechi ya tarehe 16 Februari mwaka huo, siku aliyotimiza miaka 22. Pittsburgh walikuja na DeJuan Blair, mtu wa sentimita 201 tu, yaani sentimita 20 pungufu yake, na Blair akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Siirejei kumdhalilisha kaka yetu, ambaye njia aliyoifungua ndiyo tunayopita sote. Nairejea kwa sababu inaonyesha alikuwa bado katikati ya masomo: kuinama chini, kupanua miguu, kukaa na mtu mzito mgongoni. Aliondoka baada ya msimu ule, na nafasi ya pili katika drafti hakuna familia ingeikataa. NBA haikumngoja ajifunze yaliyobaki. Naamini kabisa kwamba mwaka mmoja zaidi wa mwili na miguu ungemfaa, na naamini vilevile kwamba kwa fedha zilizokuwa mezani ningemshauri aondoke. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na ndio ugumu wa uamuzi huu.

Ubaya wa chuo kinacholea ni kwamba malezi yanaweza kukatizwa na wenyewe. Hata Purdue, baada ya Daniel Jacobsen wa sentimita 224 kuvunjika mguu mwanzoni mwa msimu wa 2024–25, ilimchukua Oscar Cluff, Mwaustralia aliyekuwa South Dakota State. Kwa hiyo mwulizeni kocha bila kumung'unya: mkimleta mtu mzima mwakani, mwanetu atakaa wapi?

Chuo cha kupitia

Tangu drafti ya 2006, kijana anayemaliza sekondari Marekani haingii NBA mpaka atimize miaka 19 na mwaka mmoja upite. Mwaka huo wengi wanaupitishia chuoni, na Kentucky chini ya John Calipari, kisha Duke, waliugeuza kuwa utaratibu.

Ukiwa na Anthony Davis, utaratibu huu hauna mfano. Alikuwa gadi sekondari kabla ya kurefuka ghafla, kwa hiyo alifika Kentucky 2011 na mwili wa senta na mikono ya mtu mfupi. Timu ilishinda mechi 38, ikapoteza 2. Katika fainali dhidi ya Kansas alifunga pointi 6 tu, akachukua ribaundi 16 na bloku 6, na bado akaitwa mchezaji bora. Aliteuliwa wa kwanza 2012. Duke nao walichukua ubingwa wa 2015 na Jahlil Okafor, senta wa mwaka wa kwanza.

Maluach ndiye mfano wa karibu nasi. Kutoka Kawempe alikwenda akademi ya NBA huko Senegal, akacheza ligi ya kikapu ya Afrika, ikiwemo na City Oilers ya Kampala, akaenda na Sudan Kusini Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16 na Olimpiki ya Paris 2024. Alipofika Duke hakuwa mbichi hata kidogo. Alikwishakutana na wanaume. Msimu wake mmoja ulikuwa wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6 katika dakika kama 21, na drafti ya 2025 ikamweka wa 10, akaishia Phoenix. Kwake njia hii ilikuwa sahihi. Malezi yalifanyika kabla, Afrika, na Duke ilikuwa kituo cha mwisho.

Angalieni hata hivyo usiku Duke walipotolewa. Nusu fainali ya 2025 walikuwa mbele kwa pointi 14 zikiwa zimebaki kama dakika nane, wakafungwa na Houston 70–67. Mitupo miwili ya adhabu iliyowapa Houston uongozi ilifungwa na J'Wan Roberts, mtu wa sentimita 203, aliyekuwa Houston tangu 2019. Duke ndio waliokuwa na vipaji vikubwa zaidi uwanjani. Roberts alikuwa na miaka sita ya kuzoea kelele za namna ile.

Kijana wa chuo cha kupitia asipotimiza yaliyotarajiwa, mwaka wa pili huwa mchungu. Nafasi yake imeshaahidiwa mwingine aliye sekondari. Anabaki na jina kubwa kifuani na dakika sita za kucheza.

Chuo cha kuhamia

Hapa ndipo mambo yamebadilika sana. Daftari la uhamisho, ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake, lilifunguliwa Oktoba 2018. Mwaka 2021 mchezaji wa kikapu akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. 2024 kikomo cha idadi kikaondolewa, mradi masomo yako sawa. Kila mwaka msimu ukiisha, makocha wanaingia sokoni, na wanaoulizwa kwanza ni wakubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi ndiye ninayemtaja kwanza, na si kwa sababu tu kwao wanakisema Kiswahili. Alianza West Virginia 2019, kwenye timu iliyokuwa na mkubwa mwingine, Derek Culver, wakibanana chini ya ringi moja. Januari 2021, katikati ya msimu, akaondoka. Kentucky wakampa eneo lote peke yake. Msimu wa 2021–22 alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, mechi ya kwanza kabisa dhidi ya Duke akiwa na ribaundi 20, na akatajwa mchezaji bora wa taifa. Kijana yule yule, sentimita 206 zile zile. Kilichobadilika ni nafasi ya kusimama.

Kentucky wakafanya jambo gumu zaidi, wakamfanya abaki. Alirudi kwa msimu wa pili. Kwenye ubingwa haikuwapa kitu: 2022 walitolewa na Saint Peter's, iliyopangwa namba 15, usiku ambao Tshiebwe alifunga 30 na kuchukua ribaundi 16. Na drafti ya 2023 ikapita bila jina lake kuitwa. Aliingia NBA kwa mlango wa nyuma, kwa mkataba wa Indiana unaomgawa mchezaji kati ya timu kuu na ligi ya maendeleo. Mkumbuke nilichosema juu ya sekunde tatu. Chuoni alikuwa bahari. NBA walitazama urefu wake na miguu yake wakahesabu vingine.

Michigan ilitumia soko hili kwa akili. Msimu wa 2023–24 ilishinda mechi 8 na kupoteza 24. Akaja kocha Dusty May, akamleta Vladislav Goldin aliyekuwa naye Florida Atlantic, na Danny Wolf kutoka Yale, wote futi 7 na zaidi, akawachezesha pamoja. Msimu wake wa kwanza, 2024–25, wakashinda 27 na kubeba kombe la mashindano ya Big Ten, ligi ya vyuo ambamo Michigan imo. Goldin hakuhamia kwa mgeni. Alimfuata mwalimu anayemjua. Hiyo ndiyo aina ya uhamisho ninayoiamini.

Sasa geuzeni upande. Hunter Dickinson, sentimita 218, aliyekaa Michigan miaka mitatu, alihamia Kansas 2023 akiwa senta anayetafutwa kuliko wote sokoni. Kansas ikapangwa namba 1 kabla ya msimu, miaka yote miwili aliyokuwepo. Wakatolewa raundi ya pili 2024, raundi ya kwanza 2025. Yeye alifunga na kuruka vilevile. Kilichokosekana ni watu wa kumzunguka waliozoeana.

Na daftari limekuwa chombo cha kujadiliana pia. Flory Bidunga, kijana wa Kongo aliyesoma sekondari Kokomo, Indiana, aliandikisha jina lake baada ya msimu wake wa kwanza Kansas, 2025, kisha akalitoa na kubaki. Simlaumu. Lakini wazazi wajue kwamba siku hizi kubaki nako kuna mazungumzo yake kila mwaka, na asiyejua kuzungumza anasahaulika.

Fedha, na viza inayozikataa

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kuanzia msimu wa 2025–26, baada ya mahakama kuidhinisha maridhiano Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kugawa mapato kwa wanamichezo wao hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa msimu huo, michezo yote pamoja. Senta mzuri analipwa vizuri. Ndivyo mtakavyoambiwa, na ni kweli.

Kisichosomwa kwa sauti ni kwamba kijana wenu ataingia na viza ya mwanafunzi, F-1, na viza hiyo inabana kazi za kulipwa nje ya chuo. Tshiebwe, mchezaji bora wa taifa, alikamilisha shughuli zake za matangazo Kentucky walipokwenda ziara ya Bahamas, Agosti 2022, nje ya ardhi ya Marekani. Edey, Mkanada, alikuwa na viza ya aina hiyo na vizuizi hivyo hivyo. Basi chuo kikiwatajia kiasi, msiulize tu ni shilingi ngapi. Ulizeni kitalipwaje bila kuharibu viza, nani mwanasheria wa uhamiaji wa chuo, na mjibiwe kwa maandishi. Msimwachie mtu wa kati jambo hili. Kosa moja hapa linamrudisha kijana nyumbani bila shahada na bila kikapu.

Kwa wale ambao wataanzia sekondari za kule, hakikisheni shule ndiyo inayotoa hati ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, kwa jina lake yenyewe na inatambuliwa na serikali kupokea wanafunzi wa kigeni. Nimeona machozi ya mama ambaye mwanawe alipelekwa kwenye shule isiyokuwa na hata bweni, na aliyempeleka akaacha kupokea simu.

Nani aende wapi

Kijana wa miaka 17 au 18 aliyecheza chini ya miaka mitatu, mwembamba, anayepata faulo nyingi: mpelekeni chuo kinacholea, hata kama jina lake hamjawahi kulisikia. Angalieni senta wawili waliomtangulia walikaa miaka mingapi na dakika zao zilipandaje. Takwimu hizo ziko wazi kwenye intaneti, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzitafuta jioni moja. Mkubali kwamba mwaka wa kwanza atakaa sana, pengine asicheze kabisa. Dikembe Mutombo alifika Georgetown 1987 kusomea udaktari, hakucheza timu ya chuo msimu wa kwanza, akaondoka 1991 akiwa wa 4 katika drafti na mwenye shahada ya isimu na diplomasia. Shahada hiyo ilimtumikia maisha yake yote, na hata goti lingevunjika ingebaki.

Kijana aliyepita akademi nzuri, akacheza na watu wazima mashindano ya Afrika, na maskauti wa NBA wanamtaja kwa jina bila kuulizwa: huyo chuo cha kupitia kinamfaa. Wawe ni maskauti wanaosema, lakini. Si mjomba, na si sisi makocha tunaompenda.

Aliyeko tayari Marekani, mwaka wa pili au wa tatu, ana mkubwa mwingine mbele yake na kocha hana mpango wa kuwachezesha pamoja: ahame, bila aibu. Ahamie mahali anapomjua mwalimu, au mahali ambapo gadi mwenye pasi anabaki mwakani. Ahame mara moja. Akiwa ameshika chuo cha nne, masomo aliyokwisha kusoma hayahesabiki vizuri, na hakuna kocha aliyekaa naye muda wa kutosha kumrekebisha mguu wa kushoto.

Kwa aliye katikati, na wengi wako katikati, mimi huegemea chuo kinacholea. Mwenye miguu bora atapata nafasi ya kuhama baadaye. Aliyekosa miguu hiyo hapati pa kuirudia.

Siku ya kuongea na kocha kwa video, kaeni wote, kijana awe katikati yenu na yeye ndiye aulize. Aulize ni nani anayefundisha wakubwa tu katika benchi la ufundi na amekaa miaka mingapi. Aulize atapunguziwaje faulo, atakula nini, nani atampeleka kwa daktari wa magoti. Kocha atawapa kwa furaha namba ya senta wake aliyefanikiwa. Pokeeni, shukuruni, kisha mwombeni na namba ya senta aliyehama, na mpigieni huyo kwanza.